Nikiomba kuona jalada la mirathi, nitakuwa nimemshitaki baba mdogo?

BARUA

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 25, naishi Dar es Salaam na nimeajiriwa katika duka la dawa. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike ambaye sasa ana miaka 21. Baba yetu alifariki mwaka 2013, mimi nikiwa na miaka 12. Alikuwa mfanyakazi wa shirika la umma na tuliishi Morogoro, eneo la Kihonda, katika nyumba aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka mingi. Nakumbuka mama akikaanga vitumbua alfajiri, na fedha ya vitumbua ndiyo iliyonunua bati za vyumba viwili vya nyuma. Baba alipougua alihamishiwa hospitali ya Dar es Salaam, akafia huko, tukamzika kwao Muheza.

Baada ya arobaini kilikaa kikao cha ukoo hukohuko Muheza. Sisi watoto tulikuwa uani tukimenya machungwa, kwa hiyo sikusikia lililosemwa. Tulichoambiwa baadaye ni kwamba baba mdogo, ambaye ni ndugu pekee wa baba, tumbo moja, ndiye atakayekuwa msimamizi wa mirathi. Babu na bibi walikuwa wameshatangulia. Miezi michache baadaye tulihama Kihonda, tukaja kuishi kwa mama mkubwa hapa Dar es Salaam, na nyumba ikawekwa wapangaji. Mama alipouliza, alijibiwa, "Shemeji, mambo ya mahakama yalishakwisha." Tangu siku hiyo sijawahi kumsikia akiuliza tena.

Sitaki umwone baba mdogo kuwa mtu mbaya. Alilipa ada zetu sote wawili mpaka kidato cha nne, na mimi akanisomesha chuo. Kila Idi alikuja na nguo. Lakini mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa Morogoro kwa shughuli nyingine, nikapita Kihonda kuiona tu nyumba, nikamkuta fundi anapima ukuta wa mbele kwa futi kamba. Mpangaji mmoja, ambaye hakunijua, aliniambia kwamba mwenye nyumba anataka kuuza. Nilimpigia simu baba mdogo usiku ule. Sikumtajia nilichosikia, nilimwomba tu anionyeshe karatasi za mirathi ya baba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, karatasi hizo zina miaka. Kwani umeambiwa nini?"

Nikaamua kutafuta mwenyewe. Kwa kuwa cheti cha kifo kilitolewa Dar es Salaam, niliamini kesi ilifunguliwa huku, nikaenda katika mahakama moja ya mwanzo. Karani aliniuliza namba ya shauri. Nikamwambia namba ndiyo niliyoifuata. Akatoa rejista, kitabu kirefu chenye mgongo uliobandikwa selotepu, akafungua mwaka 2013, akashusha rula mstari kwa mstari hadi mwisho wa ukurasa, akafunua mingine miwili, kisha akasema, "Hayupo." Yote hayo hayakuchukua dakika tano. Pale nje akanifuata mwanamume mwenye bahasha kwapani, akaniambia kwa shilingi 150,000 atanitolea jalada hilo hata likiwa mkoa gani. Nilimpa 20,000 ya kuanzia. Simu yake haijapatikana tena.

Sasa hapa ndipo nilipokwama. Mdogo wangu amechumbiwa, na nikahi yake itafungwa miezi michache ijayo. Baba hayupo, babu hayupo, kaka hatuna, kwa hiyo walii wake ni huyohuyo baba mdogo. Nikienda mahakamani leo na yeye akasikia, nitaivuruga ndoa ya mdogo wangu. Nikinyamaza, huenda nyumba ikauzwa. Mama sijamwambia lolote. Ana sanduku lake la bati chini ya kitanda ambalo limebeba vitu vyote vya baba, na hapendi liguswe. Kila ninapotaka kuanza mazungumzo, naliona lile sanduku, nanyamaza.

Naomba unieleze: hivi kuomba kuona jalada ni sawa na kumshitaki mtu? Na nitalipata wapi, kama lipo?

Mtoto wa Marehemu,
Dar es Salaam


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa shilingi zako elfu ishirini. Wenye bahasha kwapani wapo kwenye mageti ya ofisi nyingi za serikali, watu huwaita vishoka, na wamewala waliosoma kuliko mimi na wewe.

Kama nimekuelewa, unayo mambo matatu yaliyofungwa katika kitambaa kimoja. Kuna nyumba ya Kihonda inayosemekana kuuzwa. Kuna jalada ambalo hujui liko wapi wala lina nini ndani yake. Na kuna mtu aliyekulea, ambaye karibuni atakaa mbele ya sheikh kumwoza mdogo wako. Hofu ya jambo la tatu inakuzuia kulitafuta la pili, na kwa kuwa hulijui la pili, la kwanza linakuwa kubwa kila usiku. Naomba tuvifungue kimoja kimoja, tukianza na swali lako.

Kuomba kukagua jalada si kufungua shauri. Jalada la mirathi ni kumbukumbu ya mahakama, na mrithi ni mtu mwenye maslahi ndani yake. Unaandika barua, unalipa ada ndogo, unakaa kwenye benchi na kusoma chini ya macho ya karani, unarudi nyumbani. Hakuna wito unaotumwa kwa msimamizi wala tarehe inayopangwa. Hata hivyo nisikufiche kwamba miji yetu ni midogo. Karani anaweza kuwa anafahamiana na baba yako mdogo, au shemeji wa mtu anaweza kukuona ukitoka pale, na ukishafika msibani au harusini habari imekutangulia. Kwa hiyo sheria haikuhesabu kuwa umeshitaki, lakini watu wanaweza kukuhesabia. Hilo ulipime wewe unayewajua.

Sasa jalada liko wapi? Ulianzia mahali ambapo wengi huanzia, na ni kosa la kueleweka. Cheti cha kifo ni kazi ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na mahali kilipotolewa hakuamui mahakama ya mirathi. Sheria hufuata mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu alipofariki. Kwa baba yako hapo ni Morogoro. Kwa hiyo karani aliyekwambia "hayupo" huenda alisema kweli tupu. Lakini familia zetu hazifuati kitabu kila mara. Kikao kilikaa Muheza, mashahidi walikuwa Muheza, na kama msimamizi naye aliishi huko, si ajabu alifungua shauri katika mahakama ya mwanzo iliyo karibu na kaburi. Mimi ningeanza na mahakama ya mwanzo inayohudumia Kihonda, kisha Muheza, na Dar es Salaam ningeiweka mwisho. Wewe uliye Dar es Salaam utaambiwa na watu uende Temeke, kwenye kituo jumuishi cha masuala ya familia kilichoanza mwaka 2021. Ni mahali pazuri kwa mashauri mapya ya mirathi na ndoa ya mkoa huo, lakini kwa marehemu wa Morogoro wa mwaka 2013 sioni kama patakufaa sana. Na siku hizi treni ya umeme haichukui hata saa mbili kufika Morogoro.

Ukifika kwenye rejista, usikubali mwaka mmoja tu. Mashauri hupewa namba kwa mwaka yalipofunguliwa, ambao si lazima uwe mwaka wa kifo. Baba alifariki 2013, ikaja arobaini, ukaja muhtasari wa kikao, ikaja safari ya kutafuta cheti cha kifo. Inawezekana kabisa ombi likaingia 2014 au hata 2015. Omba zifunguliwe zote tatu. Na omba jina litafutwe kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa. Mtu mmoja huitwa Athumani kwao, Othman kazini na Athman kwenye cheti cha kifo, na karani anayeshusha rula akitafuta herufi "A" atampita huyo wa "O" bila nia mbaya. Andika kwenye karatasi moja majina yote ya baba yako, pamoja na jina la babu lililotumika kama la ukoo, na chini yake jina kamili la baba mdogo, kwa sababu rejista huonyesha pia jina la mwombaji. Mara nyingi jina la aliye hai hupatikana haraka kuliko la marehemu.

Ipo pia njia ya kuipata namba bila kugusa rejista, na mimi huipenda kwa sababu haina makelele. Umesema baba alikuwa mfanyakazi wa shirika la umma. Mafao ya marehemu hayalipwi kwa maneno. Mfuko wa pensheni hudai barua ya mahakama ya kumteua msimamizi, na barua hiyo huwa na namba ya shauri na jina la mahakama. Mifuko ya zamani ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, kwa hiyo kama baba alichangia mmojawapo, mahali pa kuuliza sasa ni pamoja. Benki aliyowekea mshahara nayo ilitakiwa kuiona barua hiyohiyo kabla ya kutoa senti. Na kama nyumba ya Kihonda ina hati, msimamizi hawezi kuandikishwa kwa Msajili wa Hati badala ya marehemu bila kuwasilisha uteuzi wake. Unaweza kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu. Upekuzi huo utakuambia jina lililopo leo: la baba yako, la baba mdogo kama msimamizi, au la mtu mwingine kabisa. Kati ya mambo yote uliyoniuliza, hili ndilo linalogusa hofu yako ya nyumba kuuzwa moja kwa moja, na halimhusu karani wa mahakama hata mmoja.

Ukishaipata namba, mwandikie Hakimu Mfawidhi wa mahakama husika ukiomba kukagua jalada na kupewa nakala zilizothibitishwa. Jitambulishe kuwa ni mtoto wa marehemu, ambatisha nakala ya cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kifo na kitambulisho cha taifa. Ada lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu, na risiti uitunze. Uwe na barua mbili, moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea mhuri wa kupokea, kwa sababu jalada la zaidi ya miaka kumi huenda limeshahamishwa kutoka masjala kwenda ghala na utaambiwa urudi. Wakikwambia limepotea, waombe wakuandikie hivyo, kisha upeleke barua hiyo kwa Hakimu Mfawidhi wa wilaya. Mahakama inaweza kuandaa jalada jipya kutokana na nakala zilizo mikononi mwa wahusika, na hapo ndipo zile karatasi za mfuko na za ofisi ya ardhi zinapogeuka kuwa lulu.

Ndani ya jalada utakuta nini? Ukibahatika, utakuta hadithi nzima, tena kwa Kiswahili, maana mahakama za mwanzo zimekuwa zikiandika mwenendo wake kwa lugha yetu miaka yote. Juu kabisa kuna ombi la kuteuliwa, lenye orodha ya warithi. Tafuta jina lako, la mdogo wako na la mama. Kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye majina na saini au dole gumba za waliohudhuria. Kuna tangazo lililobandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kuna fomu namba nne, ambayo ndiyo barua ya usimamizi. Hiyo ndiyo karatasi watu huonyeshana mitaani kana kwamba ni hati ya umiliki, nayo haimpi mtu umiliki hata wa kijiko. Inampa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa.

Kisha zipo karatasi mbili ambazo ningependa uzikalie muda mrefu kuliko nyingine zote. Kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, awasilishe fomu namba tano, yaani orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu. Baada ya hapo anawasilisha fomu namba sita, ambayo ni hesabu: kilichoingia, kilicholipwa, kilichouzwa, kilichohamishwa na kwa nani. Zikipokelewa na hakuna mgogoro, mahakama hufunga shauri. Kama fomu hizo hazimo, yale maneno kwamba mambo ya mahakama yalishakwisha hayakuwa kamili, na usimamizi bado uko wazi hata kama kila mtu ameusahau. Kama zimo, zisome polepole. Je, nyumba ya Kihonda imetajwa? Imeandikwa iende kwa nani? Mafao yalikuwa kiasi gani, na yaliingia kwenye mikono ya nani?

Hapa nataka nikuulize mambo mawili matatu kwa upole, kwa sababu jalada hujibu, na majibu yake si lazima yawe yale tuliyojiandalia.

Unaamini mama hakushirikishwa. Inawezekana. Lakini inawezekana pia dole gumba lake limo kwenye ule muhtasari, aliliweka akiwa edani, macho yamevimba, karatasi ikipitishwa kwenye mkeka na mtu akimwambia, "Weka hapa shemeji." Ukiliona, usimhukumu kwa kusahau au kwa kunyamaza.

Unaamini nyumba ni yenu, wewe, mama na mdogo wako. Familia yako ni ya Kiislamu, na kama mahakama ilitumia sheria ya Kiislamu, hesabu ya faraidhi kwa mke mmoja, mabinti wawili bila mtoto wa kiume, na kaka wa tumbo moja wa marehemu huwa hivi: ukigawa mali mafungu 24 baada ya kulipa madeni, mabinti mna 16, nane kila mmoja, mama ana matatu, na yanayobaki, matano, ni ya huyo ndugu. Baba yako mdogo, basi, anaweza kuwa mrithi halali wa sehemu na msimamizi wa zote kwa wakati mmoja. Hayo hayampi ruhusa ya kuuza nyumba nzima na kujiita mwenye nyumba, lakini yanabadilisha namna utakavyoingia katika mazungumzo. Ukimwendea kwa kusema "hapa huna chako," atakuonyesha mafungu yake matano na utakuwa umeshindwa kabla ya kuketi. Kama kikao kiliomba mila itumike badala ya dini, hesabu ni nyingine, na kwa wajane na mabinti mara nyingi ni mbaya zaidi. Na zile bati za vitumbua nazo zisisahauliwe: kama mama alichangia ujenzi, kuna hoja kwamba si nyumba yote iliyokuwa ya baba ya kurithiwa. Hoja hiyo inahitaji masikio ya mwanasheria.

Halafu kuna ada zenu. Umeniandikia kwamba alizilipa, na shukrani yako naiona. Hujui alizilipa kutoka wapi. Fomu namba sita inaweza kuonyesha kwamba zilitoka kwenye kodi ya Kihonda au mafao ya baba yenu, yaani mlisomeshwa na baba yenu mwenyewe. Inaweza pia kuonyesha kwamba mafao yaliishia kwenye madeni na msiba, na kwamba mtu huyu alitoa mfukoni mwake kwa miaka. Jiulize ni jibu gani kati ya hayo mawili uko tayari kukutana nalo ukiwa peke yako kwenye benchi la mahakama. Mimi ningekwenda na mtu.

Sasa tuje kwenye nikahi. Ukisubiri ipite, mdogo wako ataozwa kwa amani na walii wake, nawe utakuwa huru kuuliza baadaye. Hatari ya kusubiri ni ile uliyokwisha kuiona kwa macho, fundi na futi kamba. Nyumba ikishahamia kwa mnunuzi aliyelipa fedha yake, kuirudisha ni kazi ya miaka. Ukienda haraka na kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, unaweza kuufunga mlango wa mauzo kwa muda, lakini zuio halifichiki, mwenye jina kwenye hati huarifiwa, na itabidi uwe na sababu za kuonyesha. Ukienda mahakamani kuomba msimamizi alazimishwe kuleta hesabu, au uteuzi wake utenguliwe kwa sababu amekwenda kinyume na maslahi ya warithi, hiyo sasa ni kesi kweli, na atapata wito. Kati ya kusubiri na kushitaki kuna mambo ya kimya kama upekuzi wa ardhi, kuulizia kwenye mfuko na kukagua jalada. Yapo pia mazungumzo. Sijui kama kuna mzee huko Muheza ambaye baba mdogo humsikiliza. Kama yupo, anaweza kuuliza swali lilelile ulilouliza wewe kwenye simu, na likasikika tofauti. Lile jibu lake, "Kwani umeambiwa nini?", wewe umelisoma kama la mwenye kuficha. Linaweza kuwa hivyo. Linaweza pia kuwa la mtu aliyeshituka, anayejua kwamba kwa miaka mingi hakuweka mambo sawa, na hajui pa kuanzia.

Kuhusu muda, nitasema kwa kifupi na mengine umwulize mwanasheria. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, na kwa mali ya marehemu hesabu inaweza kuanzia siku ya kifo, ingawa aliyekuwa bado mtoto huhesabiwa baada ya kufikisha miaka 18. Wewe na mdogo wako huenda mna nafasi ambayo mama hana. Tena, kama shauri lilishafungwa, Mahakama ya Wilaya ina miezi 12 tu ya kulipitia upya tangu lilipomalizika, na kutengua usimamizi uliokwisha kukamilika ni jambo ambalo mahakama zetu za juu zimelikataa. Ndiyo maana tarehe ya mwisho iliyogongwa mhuri kwenye jalada ina uzito kuliko tarehe ya kwanza. Mwanasheria asikutishe kwa gharama. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake, husaidia wanawake katika mirathi bila malipo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pia hutoa msaada wa kisheria. Ukiwa na nakala za fomu mkononi, nusu saa yao itakufaa kuliko siku nzima ya kuwasimulia unayoyahisi.

Nimebakiza mama. Umeniandikia habari za sanduku lake mara moja tu, mwishoni, lakini nadhani ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu huu. Mjane aliyepitia kikao cha ukoo na mahakama mara nyingi hubaki na kipande cha karatasi: risiti ya ada, nakala ya tangazo, wito wa kwenda kutoa ushahidi, wakati mwingine bahasha tupu yenye anuani ya mfuko. Kwenye kona ya juu ya karatasi kama hiyo huwa kuna jina la mahakama, na mbele yake neno "Mirathi", namba na mwaka. Anaweza kuwa amelala juu ya jibu lako kwa miaka yote hii bila kujua kwamba unalitafuta, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza. Sijui atakupokea vipi. Anaweza kukasirika, anaweza kulia, anaweza kukuambia jambo kuhusu siku ile ya Muheza litakalobadilisha kila nilichoandika hapa. Lakini kabla hujakata tiketi ya Morogoro, chagua jioni moja mdogo wako hayupo, mchemshie chai, na umwombe yeye mwenyewe alifungue.